Mipangilio aliyoiacha Idrisa kwenye kamera

Jumatano jioni, Musoma. Mawingu yameshuka juu ya ziwa tangu mchana, na mvua imegoma kunyesha. Umeme upo. Kijana wa kafe ya intaneti ametuonya tuandike haraka, maana mgawo hauna adabu, unaweza kuja kabla ya saa yake.

Nimekaa kimya hapa muda mrefu. Mnaosoma blogu hii ni wachache na wengi mnajua sababu. Leo nimesoma pole zenu zote, moja moja. Zimenifikia, ahsanteni.

Eda yangu iliisha wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, nimevaa nguo zilizopauka, sijatia hata mafuta ya kunukia. Siku ya kutoka nilioga, nikavaa gauni lenye maua, shangazi akanifukiza udi, na majirani wakaja kula pilau kana kwamba nimerudi kutoka safari. Wanawake wa mtaa wetu wana huruma, lakini wana macho pia. Walikuwa wananitazama waone nitaanza na nini: sokoni, dukani au kwa mama mkwe.

Nilianza na kamera.

Kwa asiyetujua: marehemu mume wangu, Idrisa, alikuwa mpiga picha. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa watu wakapewa mkono wa kwaheri. Wenzake walinunua baiskeli za biashara, wengine nyavu. Yeye alirudi nyumbani na kamera ya filamu iliyotumika. Nilimwuliza kama tutakula lenzi. Basi tukala lenzi miaka yote iliyofuata, na sikumbuki siku tuliyolala njaa.

Studio yetu ni ndogo, pazia la bluu na kiti kimoja. Yeye alipiga, mimi nilikuwa wa mkasi. Nilikata pasipoti, nilitia picha kwenye fremu, na niligombana na wateja waliodai picha imewafanya weusi kuliko walivyo. Zamani filamu tulizipeleka Mwanza kusafishwa. Halafu ikaja kamera ya dijitali, kubwa, nyeusi, yenye lenzi ndefu na vigurudumu juu, na Idrisa akawa mtoto. Kazi ya kutulisha ilikuwa harusi na pasipoti. Ndege ulikuwa ugonjwa wake. Akipata siku ya mapumziko, hayupo, yuko Makoko au kwao Kibara amelala kifudifudi juu ya jiwe, anavizia kitu chenye mbawa.

Alipokuwa ananieleza habari za kasi na mwanga, mimi nilikuwa nakata pasipoti na kuitikia "enhee". Nusu niliisikia. Nusu nyingine naitamani sasa.

Alirudi kutoka kazini siku moja na kichwa kinamuuma. Akaweka begi la kamera chini ya meza, akala kidogo, akalala. Asubuhi presha ikawa imempanda, mkono mmoja hauinuki. Tulimpeleka hospitali. Hakurudi.

Sasa nieleze jambo ambalo hadi jana nilikuwa sijamwambia mtu.

Kamera ile ina tabia moja mbaya. Ukitoa betri ukaiacha tupu siku kadhaa, inasahau kila kitu. Ukiiwasha tena inakuuliza leo ni tarehe ngapi kama mgonjwa aliyezinduka, na mipangilio yote imerudi ya kiwandani. Idrisa alilalamika sana juu ya hilo, kwa hiyo nililijua. Nilipokaa eda, nikiwa sina ruhusa ya kwenda popote na sina la kufanya, niliwaza: ndani ya kamera ile kuna vitu alivyovipanga yeye. Kila namba alisogeza kwa kidole chake. Na betri zinakwisha.

Basi kila Ijumaa nilichaji. Zilikuwa seti mbili, natoa hii natia ile upesi, mlango nimeufunga. Umeme wenyewe wa mgawo, leo upo kesho haupo, na kuna wiki nilikaa nimeshika chaja mkononi nasikiliza friji ya jirani ilie ndipo nichomeke. Shangazi alidhani nachaji tochi. Nilizitunza betri zile kama kaa la moto linalofunikwa jivu ili asubuhi lipatikane.

Kila nilipobadilisha betri niliiwasha kidogo, nikatazama zile namba nyuma kwenye skrini, nikazisoma kimoyomoyo, nikazima. Nilizihifadhi kwa ghibu, kama mtoto wa chuoni na sura fupi. Maana yake sikuijua vizuri. Sikuijali.

Mtaniona wa ajabu. Nguo zake tuligawa, kama desturi ilivyo. Viatu vimekwenda na mdogo wake. Msala wake nausalia mimi. Lakini kanzu huvaliwa na yeyote. Mipangilio ile aliiweka yeye na hakuna aliyeigusa baada yake, na mimi nilikwisha amua kwamba siku nitakayosogeza kigurudumu kimoja, mkono wake wa mwisho utakuwa umeondoka duniani, na nitakuwa nimeuondoa mimi.

Ningeweza kuiacha kamera kabatini milele. Tatizo ni ahadi. Huko Butiama kuna mwalimu wa darasa la tatu, Mwalimu Bhoke, mteja wetu wa siku nyingi. Alimwambia Idrisa kwamba watoto wake wakiambiwa wachore ndege wote wanachora kuku. Idrisa alicheka mpaka akakaa chini, halafu akamwahidi picha za ukutani, ndege wa Mara tupu. Furukombe alimpata. Yangeyange, korongo taji, chozi, wote wamo, wamekwisha safishwa na kutiwa fremu na mimi. Amebaki mmoja, mdiria wa ziwani, yule mweusi na mweupe mwenye mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Mwalimu alikuja kunipa pole, akaketi mkekani, hakutaja picha hata mara moja. Kule kutotaja ndiko kulikonisumbua.

Nikapata ujanja. Idrisa alikuwa bingwa wa ndege. Mipangilio aliyoiacha, kwa vyovyote, ni ya ndege. Nitakwenda kulekule alikokuwa anapiga, nitaelekeza, nitabonyeza. Sitagusa kingine chochote. Ahadi itatimia na mkono wake utabaki.

Jumatatu nikapanda basi la Bunda, na Bunda nikapata gari la Kibara.

Kibara ni kwao. Mama mkwe wangu ni Mkristo, mtu wa kanisani kila juma, na yeye hajawahi kumwita mwanawe Idrisa. Kwake ni Masatu, jina alilompa kabla hajabadili dini kwa ajili ya kunioa. Hilo alikwisha nisamehe, nadhani. Lakini kuna jingine. Sisi Waislamu tunazika mapema. Idrisa alifariki alfajiri, na ndugu zangu wakaandaa mazishi ya adhuhuri. Kutoka Kibara mpaka Musoma siyo mlango wa jirani, na gari lake likapata pancha njiani. Alifika wanaume wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo kwenye kanzu. Hakuuona uso wa mwanawe. Alikaa nasi matanga, akala alichopewa, akaondoka bila kunilaumu. Kwa hiyo njia nzima ya Jumatatu nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi.

Alinipokea uani, akanishika mabega, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Umekonda. Kwani huko Musoma hampikagi?"

Nikajua nimekaribishwa. Tulilia kidogo, tukachambua dagaa, akanipa ugali wa muhogo na sato wa kuchoma. Habari ya mazishi hakuna aliyeigusa. Nililala kwenye kitanda alichokuwa analala Idrisa akija kupiga ndege.

Jana asubuhi jua lilitoka safi. Nikabeba kamera hadi kwenye mawe ya ufukweni, mahali pake. Sikuhitaji kumtafuta mdiria, wako wengi, wanagombana juu ya matete. Mmoja akaja karibu. Anafanya jambo moja ambalo sijaona ndege mwingine wa huku akilifanya vile: anasimama hewani juu ya maji, mbawa zinapiga kwa nguvu, haendi mbele wala nyuma, kichwa kimetulia tuli kinatazama chini. Halafu anajiangusha.

Nikaelekeza lenzi. Nikabonyeza.

Nikatazama skrini. Hakukuwa na ndege.

Kulikuwa na weupe. Maji meupe, mbingu nyeupe, na katikati kitu kama moshi uliopita. Nikadhani nimetikisika. Nikalala kifudifudi kama alivyokuwa analala yeye, viwiko juu ya jiwe, nikazuia pumzi. Nikabonyeza tena. Moshi uleule. Nikangoja wingu dogo lipite mbele ya jua, nikapiga yangeyange aliyesimama tu majini, ambaye hata mtoto angempata. Huyu alionekana, lakini alikuwa wa bluu. Maji ya bluu, mawe ya bluu, yangeyange mweupe pe amekuwa kama shati lililozidishiwa bluu ya kufulia.

Nilipiga nyingi. Zote vile.

Nilianza kumkasirikia. Ndiyo, marehemu, nilimkasirikia. Nilimwambia kwa sauti, pale juu ya jiwe, kwamba alikuwa ananidanganya na ndege zake, mbona kamera yake haioni. Halafu ile bluu ikanikumbusha kitu.

Mwaka mmoja wakati wa Krismasi tulipiga harusi kubwa. Idrisa alipiga ndani ya ukumbi, chini ya balbu, kisha maharusi wakatoka nje kwenye jua akawapiga tena. Nilipozisafisha zile za nje, gauni la bibi harusi lilikuwa la bluu, na bwana harusi amekuwa kama aliyetolewa majini. Idrisa alijipiga paji la uso. Alisema amesahau kuiambia kamera kwamba wametoka nje. Balbu zina mwanga wa njano, kwa hiyo ukumbini kamera huongeza bluu ili kusawazisha, na ukitoka juani bila kuizuia inaendelea kuongeza.

Nikafungua menyu. Nilijua pa kutazama, maana siku ile alinionyesha. Kamera ina picha ndogo za kuchagua: jua, wingu, balbu. Ilikuwa kwenye balbu.

Nikaenda kwenye namba nyingine, zile nilizozihifadhi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza zinasema nini. ISO, ile namba ya kuiombea kamera mwanga, ilikuwa juu kabisa, pale inapowekwa penye giza. Shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga, ilikuwa ya polepole, ya kupiga watu waliosimama mbele ya keki. Hakuna ndege aliyewahi kupigwa namna ile tangu ndege waumbwe.

Kazi yake ya mwisho, ile aliyorudi nayo na maumivu ya kichwa, ilikuwa harusi ya Bunda. Usiku, ukumbini.

Miezi minne na zaidi nimelinda mipangilio ya ukumbi wa harusi ya watu nisiowajua. Nimezichaji keki zao na matarumbeta yao kila Ijumaa, mlango nimefunga.

Nilikaa chini. Sikulia. Niliona aibu, ile aibu ya kumpungia mtu mkono barabarani kisha ukagundua siye. Na juu ya aibu ukanijia ubishi. Nikajiambia, na kama ni ya ukumbi? Bado ni yake. Bado ni vidole vyake. Nikaishika kamera pajani, vidole mbali na vigurudumu, na wadiria wanaendelea kuanguka majini mmoja baada ya mwingine, na jua linapanda, na muda si mrefu mwanga utakuwa mkali haufai tena.

Mama mkwe akaja na ndoo kuchota maji. Akanitazama.

"Mbona umeshika hicho kitu kama umeshika yai?"

Nikamweleza. Betri, Ijumaa, harusi, vyote. Nilikuwa sijamwambia mtu, na kumbe yeye ndiye wa kumwambia. Nilimwambia kwamba nikigeuza hapa, alivyopanga Idrisa ndiyo basi tena.

Akaitua ndoo.

"Masatu? Masatu hakupangaga kitu kikakaa. Alikuwaga anakaa hapohapo ulipokaa, anazungusha hicho kidude kama mtu anatafuta stesheni ya redio. Anapiga, anaangalia, anasonya, anazungusha tena. Uji unapoa, naita, haji. Mpaka nilikuwaga namwambia, kama kimeharibika si ukirudishe dukani?" Akaguna. "Wewe unakilinda. Mwenyewe asingekiacha hivyo hata mpaka kituo cha basi."

Akachota maji yake akasimama palepale, hakuondoka. Nadhani alitaka kuona.

Nilianza na balbu. Kidole kilikuwa kizito. Nikachagua jua, nikabonyeza sawa, na kamera haikutoa hata mlio. Nilitegemea nitasikia kitu ndani yangu kinakatika. Nilichosikia ni mama mkwe anakohoa.

Baada ya hapo ile nusu niliyoisikia nikikata pasipoti ikaanza kurudi. Ndege ni kasi, alikuwa anasema. Kwanza mpe kasi, mengine yatafuata. Nikaipandisha shata hadi elfu moja. ISO nikaishusha mpaka mia mbili, maana jua lipo, ya nini kuomba mwanga. Nikapiga. Yule mdiria akaonekana, mbawa zimesimama, mdomo huu hapa. Niliguta kidogo, mama mkwe akanisogelea.

Lakini kifua chake kilikuwa kimeungua, cheupe tupu kama karatasi, hakina unyoya hata mmoja. Hilo nalo alilisema. Enzi za filamu, mwanga ukizidi kidogo unasamehewa, utakuta kitu. Dijitali haisamehe. Cheupe kikishaungua hakirudi, cheusi unaweza kukiombea. Nikapandisha shata tena, elfu na mia sita, picha ikawa nyeusi zaidi, na unyoya wa kifuani ukatokea, mstari kwa mstari. Uso wake mweusi ukazama kidogo. Nikauacha uzame.

Kuna jambo moja nilifanya ambalo yeye asingelifanya. Idrisa alifundishwa kazi na filamu, na kila kubonyeza kulikuwa na bei yake, kwa hiyo hata kwenye dijitali alivizia akapiga moja tu. Kamera ina namna ya kupiga mfululizo ukishikilia kitufe. Aliidharau, alisema hiyo ni bunduki. Mimi sina jicho lake wala subira yake. Nikaiweka kwenye bunduki.

Mdiria akasimama hewani. Nikashikilia. Ta-ta-ta-ta. Akajiangusha, nikamfuata, akatoka na kasamaki, furu mdogo, maji yanamchuruzika.

Iko moja nzuri. Siyo nzuri sana, ncha ya bawa la kushoto imekatwa na ukingo, na Idrisa angenionyesha hilo kabla ya kunisifu. Lakini jicho liko wazi, na unaona tone la maji linaning'inia mdomoni. Watoto wa Butiama watajua huyu siye kuku. Nilimwonyesha mama mkwe. Aliishika skrini mbali na uso, kama wanavyofanya wenye macho ya uzee, akatikisa kichwa taratibu.

Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na yeye yumo humo? Uso wake?"

Nilijua swali hilo litakuja, siku moja. Nikamwambia hakuna. Yeye ndiye aliyekuwa anapiga. Pasipoti yake moja ya zamani tuliiweka kwenye kitabu cha rambirambi, na ndiyo hiyo tu. Miaka yote ile, watu wote wale kwenye kiti chetu, na sikuwahi kumwambia hebu kaa na wewe.

Mama mkwe akanirudishia kamera. Ndoo ilikuwa inavuja tone tone kwenye jiwe.

"Basi nipige mimi," akasema. "Watu wanasemaga tulifanana."

Tulirudi uani. Alibadilisha kanga, akafunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, nusu kivulini. Nikaona mwenyewe kwamba mipangilio ya mdiria haimfai. Nikaishusha shata, nikapandisha ISO kidogo, nikachagua kivuli, nikafungua lenzi ili mlango wa nyuma yake upotee. Sikuwaza. Vidole vilikwenda tu. Nilipoangalia ndani ya lenzi nikaona midomo. Nimeolewa na midomo ile miaka kumi na kitu, na sikuwahi kuiona kwa mama yake, kwa sababu kila nilipomtazama nilikuwa namwogopa.

"Yeye alikuwaga ananiambia nicheke," akasema.

Nikamwambia asicheke, akae vile alivyo.

Nilipiga moja. Moja tu, nashangaa sasa.

Wakati wa kuondoka alinipa dagaa kwenye gazeti na akanisindikiza hadi gari. Akasema nikimsafishia ile picha nisimkate kama pasipoti, nimwache na mlango wake. Na akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba siku akija Musoma nimpeleke pale alipolala Masatu. Nikasema ndiyo, mama. Wanawake kwetu hatuendi kuzika, lakini kuzuru nitampeleka, na atakayesema na aseme.

Bunda nilisubiri basi la Musoma. Nilikaa kwenye benchi la muuza chai, begi la kamera mapajani, nimechoka, karibu nafurahi. Na ili nijipumzishe nikaanza kuzisoma zile namba za Idrisa, kimoyomoyo, kama nilivyozoea.

Sikuzipata.

ISO nilikumbuka, ya juu kabisa. Lakini shata ilikuwa thelathini au sitini? Na lenzi, ilikuwa imefunguliwa mbili nukta ngapi? Nilijaribu tena na tena. Kila nikitafuta, zinakuja za kwangu, elfu na mia sita, mia mbili, jua. Zilikuwa kichwani asubuhi. Nilizisoma kila wiki kwa miezi yote ile, na asubuhi moja ya ndege imezifuta. Labda mmeona nimeandika habari hii yote bila kuzitaja. Siyo kwamba nazificha.

Nikalia pale Bunda, kwenye benchi, mbele za watu wa chai, kilio ambacho hospitali sikukilia, wala siku ya mazishi, wala ndani ya eda. Muuza chai akaniwekea kikombe cha pili bila kuuliza, akawageuzia watu mgongo ili wasinitazame. Mungu amlipe.

Najua mtaandika chini hapa, maana kuna wataalamu kati yenu. Mtaniambia kila picha ya dijitali hubeba namba zake ndani. Picha za ile harusi ziko kwenye kompyuta ya studio. Nikizifungua, nikibonyeza mahali fulani, zitatokea zote, shata yake, lenzi yake, saa na dakika. Najua. Aliniambia mwenyewe, na hiyo ni katika nusu niliyoisikia.

Sitazifungua. Sina hakika kama ni ushujaa au ni woga, na leo sina nguvu ya kuamua. Nimeona tu kwamba mtu yule hakuwa ndani ya zile namba. Alikuwa juu ya jiwe, anasonya, uji unapoa.

Umeme bado upo, lakini kijana wa kafe ameanza kutazama saa.

Kesho asubuhi nafungua studio. Nimekwisha fua pazia la bluu na kufuta kiti. Mteja wa kwanza ataingia, ataangaza huku na huku, atauliza fundi yuko wapi. Jibu ninalo. Nimelifanyia mazoezi ndani ya basi kutoka Bunda hadi hapa, midomo inacheza mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Ni maneno machache: kaa hapo, fundi ni mimi. Mpaka sasa sauti inanikatikia kwenye neno la mwisho.